Kidole cha Pete na Kasuku wa Mama Mkwe

Mama mkwe alihamia kwetu Ifakara baada ya matanga ya baba mkwe kwisha na nyumba ya kiwanda kurudishwa kwa wenyewe. Alishuka kwenye gari la Kidatu na begi moja, kinu kidogo cha kutwangia karanga, na tundu la ndege lililofunikwa kitenge. Mume wangu alikwenda kumpokea kwa bajaji. Nilipofunua kile kitenge barazani, ndege aliyekuwa ndani alinitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akanitazama kwa jicho la pili, kisha akatoa sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Usimsogelee sana," mama mkwe alisema. "Bado hajakuzoea."

Alikuwa kasuku wa huku kwetu, si wale wa kijivu wanaoongea. Mwili wa kijani, kichwa cha kahawia, umbo lisilofikia njiwa. Baba mkwe, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sukari, alimwokota akiwa kinda siku walipoangusha mti uliokufa pembeni ya mashamba ya miwa. Makinda mengine yalikufa. Huyu alilishwa uji wa mahindi kwa kijiko cha chai mpaka akaota manyoya. Baba mkwe alimwombea kibali kwa watu wa maliasili, akamjengea tundu, akawa anamwita bwana mkubwa.

Kila aliyefika nyumbani aliuliza swali moja: anaongea? Haongei. Anachoweza ni kuiga king'ora cha kiwandani cha kubadilisha zamu, na anakipiga saa yoyote anayotaka. Majirani walizoea. Mimi nilichelewa kuzoea, kwa sababu kazi yangu ya ushonaji naifanyia barazani, na tundu lilitundikwa hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu. Mama mkwe alitaka ndege apate hewa na aone watu. Nikamwachia; alikuwa ametoka kumzika mume.

Kwa mama mkwe yule kasuku alikuwa mpole. Aliinamisha kichwa akunwe shingoni, akafumba macho. Kwangu alikuwa mtu mwingine kabisa. Nikipita na kitambaa chekundu anafoka. Nikiinua mkasi anafoka. Lakini magoti ya mama mkwe yalikuwa yanamsumbua, na tundu lilikuwa juu, kwa hiyo kazi ya kubadilisha maji na kufagia maganda ya alizeti ikawa yangu. Nilikuwa namwekea maji kwa kunyoosha mkono haraka na kuutoa haraka, kama mtu anayeokota kaa la moto.

Ilikuwa msimu wa mavuno. Mtaani kwetu kila penye uwazi palikuwa na turubai la mpunga, na vumbi la pumba kutoka mashine za kukoboa lilikuwa linatua hadi kwenye vikombe. Mume wangu anafanya kazi katika mojawapo ya mashine hizo, na siku zile alikuwa anaondoka alfajiri. Mama mkwe alikwenda Katindiuka kusali na wenzake wa jumuiya. Nilibaki peke yangu na magauni meupe ya komunyo ya kwanza, ambayo wazazi walikuwa wanayapitia jioni ile ile.

Ndani ya tundu kulikuwa na boksi la sabuni. Mama mkwe alikuwa ameliweka ili ndege apate kitu cha kutafuna, na kwa kweli alikuwa amelitafuna vizuri. Alikuwa amelitoboa mlango, akajaza ndani vipande vya karatasi na nyuzi zangu alizoziiba. Lilikuwa limeanza kunuka. Nikasema moyoni, leo mama hayupo, nalitoa hili boksi, nalichoma, naweka jipya, yakiisha yameisha.

Ndege alikuwa ndani ya boksi. Nilimwona alivyojibana chini, manyoya ya shingo yamesimama, mboni za macho zikiwa zinabana na kupanuka, kubana na kupanuka. Leo ningesoma yote hayo kama bango la barabarani. Siku ile niliona ndege tu. Nikashika mlango wa tundu kwa mkono wa kulia, nikaingiza wa kushoto.

Hakudonoa. Kuku hudonoa. Huyu alishika. Aliuma kidole cha pete upande wa kiganja, juu kidogo ya pete yenyewe, akabana kama koleo, na alipokuwa amebana akawa anasaga. Nilipiga kelele na kuvuta mkono. Nadhani kila mtu angevuta. Ngozi ikachanika kwa sababu yeye hakuachia, mpaka alipoachia mwenyewe na kurudi ndani ya boksi lake akiwa anapiga king'ora.

Kitu cha kwanza nilichookoa kilikuwa gauni lililokuwa kwenye cherehani. Nililisukuma kwa kiwiko likaanguka upande wa pili, lisipate damu. Kisha nikamwagia kidole maji kidogo ya kikombe, nikakifunga kipande cha khanga, nikaendelea kushona pindo. Wateja walikuwa wanakuja.

Mama mkwe aliporudi alifungua kile kitambaa, akaangalia. Kilikuwa kidonda kidogo kwa juu: tundu moja lenye kina na mchaniko mfupi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Amekuuma sana bwana mkubwa. Ngoja nikutilie majivu. Kwetu Mahenge tumetibiwa hivyo wote, na vidole tunavyo."

Alichota majivu jikoni, yaliyopoa, akayapaka, akafunga tena kwa nguvu. Alifanya kwa upole mwingi, mkono wangu akiwa ameupakata mapajani. Nikamshukuru.

Kesho yake kidole kilivimba. Kilianza kupwita, na pete ikawa inabana. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kupikia, haikusogea. Keshokutwa yake kidole chote kilikuwa kimenona sawasawa kutoka shina hadi ncha, kama muwa uliokatwa pingili, chekundu na cha moto. Kilikuwa kimejikunja kidogo chenyewe. Nilipojaribu kukinyoosha kwa mkono mwingine, maumivu yalikimbia mpaka kwenye kifundo cha mkono, machozi yakanitoka bila mimi kulia. Ncha ya kidole juu ya pete ilianza kubadilika rangi.

Mume wangu aliingia mchana kuchukua chakula, akiwa mweupe kwa pumba nywele na nyusi. Aliushika mkono wangu, akaugeuza.

"Twende hospitali."

"Nitasema nimeumwa na nini?"

"Utasema kasuku."

"Watacheka."

"Wacheke," alisema. "Vaa viatu."

Mama mkwe alivaa viatu vyake pia, bila kuulizwa.

Daktari alikuwa binti mdogo wa umri, miwani minene, anaongea haraka. Nilimwamkia, akaniwahi: "Shikamoo mama. Umeumwa na nini?" Nikasema kasuku. Kwenye benchi nyuma yangu mtu alicheka kweli. Daktari hakucheka. Aliacha kuandika, akavuta kiti.

"Lini? Upande upi? Ulikiosha kwa sabuni? Ulikiosha muda gani?"

Nikajibu: maji ya kikombe, kisha majivu. Mama mkwe aliinamisha kichwa. Daktari aliona, na nilimpenda kwa alichofanya: hakusema neno baya. Aliniambia tu kwamba mdomo wa kasuku unatumbukiza uchafu chini kabisa kwenye tundu jembamba, juu panajifunga mapema, na chini panabaki usaha. Kidole hakina nyama nyingi; ukipita ngozi umefika kwenye kano inayokunja kidole, na kano ina ala yake kama panga. Uchafu ukiingia ndani ya ala, unasafiri nayo hadi kiganjani.

Akagusa kidole kwa mstari, kutoka ncha kushuka. Kila alipogusa niliruka.

"Huku ndiko uchafu uliko," alisema. "Tungekuwa tumekutana siku ya kwanza ningekuosha, nikakuchoma sindano, nikakupa vidonge, ukaenda zako. Sasa itabidi tukifungue na kukiosha ndani. Lakini kwanza hii pete."

"Ya ndoa," mama mkwe alisema, kana kwamba daktari alikuwa hajui.

"Najua, bibi. Isipotoka, kidole hakitapata damu."

Muuguzi alileta kifaa chenye kigurudumu cha meno, kinachozungushwa kwa mkono kama kifungulio cha kopo. Aliingiza ulimi mwembamba wa kifaa hicho chini ya pete, akazungusha taratibu. Mume wangu alisimama mlangoni akatazama ukutani. Pete ilipoachia nilihisi damu inarudi kidoleni kama maji yanayofunguliwa mfereji. Baadaye muuguzi aliniambia jambo ambalo sasa namwambia kila mtu: ukiumia mkono, kitu cha kwanza vua pete, kabla uvimbe haujakutangulia.

Wakati tunasubiri chumba cha upasuaji mama mkwe alisogea kwa daktari, akauliza kwa sauti ya chini, lakini niliisikia.

"Mwanangu, huyu hatapata kichaa? Kama cha mbwa?"

"Hapana, bibi. Kile kinatoka kwa wanyama wanaonyonyesha: mbwa, paka, popo na wengine kama hao. Ndege hana." Kisha akatuuliza wote kama kuna mwenye homa au kikohozi nyumbani. Hakuna. Akasema kasuku anaweza kuwa na ugonjwa mwingine, unaokuja na vumbi la kinyesi na manyoya, ukaingia mapafuni; mtu akaugua akadhani ni malaria au nimonia ya kawaida. Mkifagia tundu, alisema, nyunyizeni maji kwanza, msile hapo karibu, mnawe, na mmoja wenu akiugua homa mwambieni daktari kwamba mnafuga kasuku. Msingoje aulize, kwa sababu hataota.

Nilichomwa sindano ya pepopunda. Muuguzi aliuliza ya mwisho nilichomwa lini, na nilichokumbuka ni kliniki ya ujauzito wa mtoto wangu wa mwisho, ambaye sasa yuko sekondari ya bweni. Kisha ganzi, kisha kidole kikafunguliwa kwa michano miwili midogo, kikaoshwa kwa maji ya dripu. Hawakushona lile jeraha la kuumwa. Nililala wodini siku chache, mkono umeinuliwa juu kwa kamba ya bandeji kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka, dawa zinaingia kwa mshipa wa mkono mwingine.

Mama mkwe alikuwa analeta uji asubuhi. Siku ya pili alikaa kitandani kwangu bila kunimiminia, chupa ameikumbatia.

"Nimemwambia mume wako amchinje."

"Nani?"

"Yule ndege. Nimesema jioni akitoka mashine amchinje, asinionyeshe. Nimekaa nikaangalia, kidole chako ndicho kinacholisha ile nyumba. Ndege analisha nini?"

Sikuwa mpenzi wa yule kasuku, na bado simlilii. Lakini nilimtazama mama mkwe, alivyokuwa anafungua na kufunga kifuniko cha chupa, nikaona kwamba akichinjwa ndege, huyu mama atabaki nyumbani kwangu kama mgeni aliyevunja sahani, anatembea kwa ncha za vidole mpaka kufa.

"Mama, niliingiza mkono nyumbani kwake," nikasema. "Hata mimi mtu akiingiza mkono kitandani kwangu nitamuuma."

"Amekuharibia mkono."

"Mkono unapona. Nimiminie uji, unapoa."

Jioni ile mume wangu alikuja wodini kabla hajabadilisha nguo za kazini. Mama mkwe alikuwa bado yupo. Alimwangalia mwanawe mikononi, kana kwamba anatafuta damu.

"Umeshamaliza?" aliuliza.

"Sijaanza," mume wangu alisema. "Nimetoa boksi kwanza, nikiwa nimevaa glavu za kubebea magunia. Mama, ndani kuna yai."

"Yai la nani?" mama mkwe aliuliza.

"La kwake. Bwana mkubwa ametaga."

Mama mkwe alifunika mdomo kwa khanga. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikanyoosha mkono mzima kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka bila kujua kinachochekesha. "Miaka yote," alisema akishindwa kupumua, "marehemu anamsalimia kila asubuhi, bwana mkubwa umeamkaje! Na mwenyewe ni bibi!" Kisha akafuta macho na kumwambia mwanawe arudishe lile boksi mahali pake, mzazi asisumbuliwe.

Niliporudi nyumbani tulimwita afisa mifugo anayezunguka mtaani kuchanja kuku kideri. Alisema yeye si mtaalamu wa kasuku, ila ndege ni ndege. Alisimama mbali na tundu akamtazama ndege kwa muda mrefu. Alituambia jike aliyepata shimo na giza atataga hata bila dume, na akishataga anakuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa anayempenda. Yai halitaanguliwa. Tumwache alilalie, atachoka mwenyewe. Akishatoka, boksi liondoke na lisirudi, apewe vijiti na magunzi ya kutafuna badala yake.

"Na mkono nifanyeje?" nilimuuliza. "Akishauma?"

"Usivute. Najua ni rahisi kusema. Ukivuta unachanika. Msogezee mkono kidogo kuelekea kwake, ataachia, au mpe kitu kingine ashike. Na usipige kelele. Ukipiga kelele anaona amefanya jambo kubwa, kesho atarudia. Usimpige pia, atakumbuka mkono uliompiga."

Yeye ndiye aliyetuonyesha mboni zinavyobana na kupanuka, na namna manyoya ya shingo yanavyosimama. Ukiona hivyo, alisema, kazi yako ingoje. Akatushauri tundu lishushwe, lisikae juu ya vichwa vyetu, na vyombo vya maji na chakula vifungwe kwa nje ili mkono usilazimike kuingia. Na jua likizama afunikwe, alale vya kutosha, kwa kuwa alikuwa anakesha na taa yangu ya barazani. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mimi mwenyewe nisipolala huwa siongeleki.

Mume wangu alimpelekea mchomeleaji nondo nyembamba, akamsimamia kutengeneza tundu jipya, kubwa, lenye vijilango viwili vya pembeni vya kuwekea vyombo. Aliikagua kazi ile kwa uangalifu kuliko nilivyomwona akikagua kitanda chetu kilipotengenezwa.

Kidole kilichukua muda. Hospitalini walinifundisha kukikunja na kukinyoosha ndani ya maji ya uvuguvugu, na mama mkwe alijitwika kazi ya kunisimamia. Kila nilipotaka kuacha, alisema, "Tena." Akanipa unga wa chapati nikande. Mara ya kwanza nililia unga ukiwa mkononi. Alinipangusa uso kwa khanga yake na kusema, "Tena." Magauni yangu yalishonwa na mwenzangu wa mtaa wa pili, na wateja wengine hawakurudi. Wengi walirudi.

Leo kidole kinakunja. Kunyooka hakinyooki chote. Kinabaki na upinde kidogo, na asubuhi za baridi ya mwezi wa sita kinakuwa kigumu. Kinashika kitambaa, na hilo ndilo nililohitaji. Pete sonara aliiunga, naivaa mkono wa kulia.

Mwaka uliofuata mdogo wa mama mkwe alikuja kutoka Kiberege kumtembelea. Kabla hatujamuonya alipeleka kidole kwenye nondo akisema, "Njoo mchumba." Akaumwa, kidogo tu, ukucha na ngozi ya pembeni. Mama mkwe aliinuka na magoti yake yale, akamshika kiwiko, akampeleka bombani. Alimpaka sabuni na kumshikilia chini ya maji yanayotiririka huku mwenzake akilalamika kwamba maji yanatosha, kidole kitaoza. "Hayajatosha," mama mkwe alisema. "Vua na hiyo pete." Alipomaliza kuosha akabana kwa kitambaa safi mpaka damu ikakata, na kesho yake asubuhi wakaongozana kwenye zahanati kwa ajili ya sindano.

Mimi na kasuku hatujawa marafiki. Nikitaka kumhamisha namsogezea kijiti mbele ya kifua, nangoja. Siku nyingine anapanda mara moja. Siku nyingine anakitazama kile kijiti, ananitazama mimi, manyoya ya shingo yanaanza kusimama, nami narudisha kijiti mahali pake na kwenda kushona. Mama mkwe huwa anatuangalia kutoka kwenye mkeka wake, anachambua mchele, haingilii. Wiki iliyopita alipanda, nikambeba hadi kwenye beseni la maji pale uani aoge, akaoga akanirushia maji usoni, kisha akapanda tena kijiti bila shida nikamrudisha ndani. Mlango nilifunga kwa mkono wa kushoto, ule ule aliouuma.